Mke Mdogo wa Tata Alikuwa na Nyuzi Tatu

Sisi tuliokulia kwenye kambi za chai miaka ile ya hamsini hatukuhitaji saa ya mkononi. King'ora cha kiwanda ndicho kilichotulea. Kilipolia alfajiri, mama zetu walijitwika vikapu mgongoni wakapotelea kwenye ukungu. Kilipolia saa sita mchana walirudi kula. Kilipolia jioni, mtoto ambaye hajachota maji alijua kwamba amekwisha. Mvua nayo ilikuwa na ratiba yake. Saa nane au saa tisa hivi ilishuka kutoka upande wa msitu, na ikiwa ni ya mawe tulitoka nje na sufuria kichwani kuokota barafu, tukaila kama peremende. Halafu tulipanda mlimani na vigogo vya migomba, tukavikalia na kuteleza hadi karibu na mto. Gauni la shule lilikuwa moja tu kwa mwaka. Mengi ya magauni hayo yalikuwa na dirisha kwa nyuma, na hakuna aliyemcheka mwenzake, kwa sababu na yeye alikuwa na lake.

Tulikula ugali wa wimbi, mboga chungu ya chinsaga iliyolala kwenye maziwa, viazi vitamu vya kuchomwa kwenye majivu. Majirani zetu Wakipsigis walituletea mursik, maziwa ya kuganda yenye majivu, kwenye vibuyu, tukanywa mpaka midomo ikawa ya kijivu. Siku hizi watoto wangu wananunua maziwa ya kuganda dukani, yana picha ya tunda kwenye kopo, na wanakunywa kwa kijiko kidogo kama wagonjwa.

Sisi tulikuwa Wakisii. Baba yangu, Mzee Ondieki, ambaye kwa lugha ya nyumbani tulimwita Tata, hakuchuma chai. Alikuwa mhudumu kwenye klabu ya Wazungu huko juu kilimani. Alivaa kanzu nyeupe na mshipi mwekundu, na alipita katikati ya matope yote ya Kericho akafika nyumbani bila doa moja. Mpaka leo sijui aliwezaje. Mama alichuma chai, na kila siku alirudi na madoa ya kila aina. Nadhani hicho kilikuwa chanzo cha nusu ya ugomvi wao.

Mimi ndiye Nyaboke, mtoto wao wa kwanza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili Tata alipoleta mke wa pili.

Habari zilimfikia Mama kabla ya Tata mwenyewe kufika. Ilikuwa Jumapili alasiri, ukungu umeshuka mpaka kwenye mapaa. Jirani yetu, Mama Kerubo, alikuja mbio na kiatu kimoja mguuni, akasema amemwona Mzee Ondieki akishuka kutoka klabu akiwa amemkumbatia mwanamke.

"Mnene," alisema, akichora hewani kwa mikono. "Kiuno hapa, makalio hapa. Amefunikwa shuka jeupe mpaka kichwani. Na mzee anamwongelesha!"

Mama alichomoa mwiko kwenye ugali, akatoka nao nje, akasimama mlangoni. Majirani walitoka pia. Nyumba zetu zilikuwa zinatumia ukuta mmoja mbili mbili, kwa hiyo siri ilikuwa kitu cha watu wa mbali. Mara Tata akatokea kwenye ukungu, kanzu ikimeta, na kweli alikuwa amemkumbatia mtu, na kweli alikuwa anamwongelesha.

"Polepole," alikuwa anasema. "Polepole. Hapa kuna shimo."

"Ondieki," Mama akasema, "huyo ni nani?"

"Huyo nani? Hii ni kitu ya Wazungu," Tata alijibu, akavuta kile kitambaa cha meza alichokuwa ameifunika nacho.

Tuliona fidla kubwa kuliko Tata mwenyewe, nyekundu ya kuiva, yenye shingo ndefu na mabega ya kuteremka. Ndiyo ile ambayo Wazungu huita dabo besi. Fundi mmoja wa mitambo alikuwa akiipiga kwenye dansi za Jumamosi, na sasa alikuwa amerudi kwao Ulaya. Ilikuwa na shimo mgongoni, na kati ya nyuzi zake nne zilibaki tatu. Bwana wa klabu alimwambia Tata aichome kuni. Tata aliibeba mpaka jikoni, akaiangalia, akashindwa.

"Mbao nzuri namna hii," alisema. "Nitaifanya kabati."

"Kabati halina kiuno," Mama alijibu, akarudi kwenye ugali wake.

Kuanzia siku hiyo kambini hakuna aliyeiita besi. Iliitwa Mke Mdogo. Watu walipokutana na Mama njiani walimuuliza, "Mwenzako ameamkaje?" Mama alikuwa mwepesi wa ulimi, alijibu, "Amelala mpaka saa hii, na hata maji hajachota."

Mke Mdogo aliwekwa kwenye kona ya chumba cha mbele, akachukua nafasi ya watu watatu. Tata hakupata muda wa kutengeneza kabati. Aliyepata muda alikuwa kuku mmoja wa Mama, mweupe mwenye shingo tupu, ambaye aliingia kupitia lile shimo la mgongoni akaona nyumba imekamilika, akaanza kutaga humo. Hapo ndipo Mama alipoanza kumpenda mke mwenzake. Kila asubuhi alitia mkono mgongoni akatoa yai. Alisema kwa sauti, ili Tata asikie, kwamba afadhali huyu analeta kitu nyumbani.

Sasa lazima niwaeleze kuhusu sauti yangu.

Nilizaliwa na sauti nzito. Nilipomwita mdogo wangu kutoka ng'ambo ya shamba, wanaume waliitika. Kwaya ya watoto ya kanisa letu, ambayo pia ndiyo ilikuwa ya shule, iliongozwa na Mwalimu Zakayo, mtu mrefu, safi, mwenye kifilimbi cha kutolea sauti ambacho alikitunza kwenye mfuko wa shati pamoja na kalamu yake. Yeye ndiye aliyeanzisha pia nyimbo zote za ibada, na alipenda ziimbwe juu. Kwake wimbo wa chini haukuwa umeamka. Alipiga kifilimbi, akafumba macho, na watoto wote wakapanda naye huko juu kama ndege, isipokuwa mimi niliyebaki chini nikinguruma. Alinivumilia mwaka mzima. Halafu siku moja mkaguzi wa shule alitarajiwa, akaniita kando.

"Nyaboke," alisema kwa upole, na ule upole ndio ulioniuma, "siku hiyo wewe fungua mdomo tu. Sauti usitoe."

Nilifungua mdomo. Nyimbo tatu nzima nilifungua na kufunga mdomo kama samaki, na mkaguzi akanisifu mimi peke yangu kwamba natamka vizuri. Watoto walicheka mpaka wiki ya pili. Sikurudi tena kwenye kwaya, na Mwalimu Zakayo hakuniuliza kwa nini.

Jumamosi moja baada ya hapo nilibaki nyumbani peke yangu nikisugua sufuria. Nilikuwa na hasira, nikamtupia Mke Mdogo kitambaa cha vyombo. Kitambaa kikagonga uzi ule mnene. Jamani. Sauti iliyotoka haikuingia masikioni kwanza, iliingia tumboni. Vifuniko vya sufuria vilitetemeka. Kuku alitoka mgongoni akipiga kelele. Na mimi nikafungua mdomo nikaimba sauti ile ile, bila kupanda, bila kushuka, bila kujikaza. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukutana na kitu kinachoongea kama mimi.

Nilimwambia Tata nataka kujifunza kuipiga. Alicheka, kisha akaona sicheki. Mama alisema hapana, kuku atakaa wapi? Walibishana chakula chote cha jioni kuhusu kuku, mimi wakanisahau. Mwishowe Mama ndiye aliyetoa hukumu.

"Krismasi," alisema. "Ikifika Krismasi na hiyo kitu haijapigwa wimbo mmoja kanisani, wimbo wa kueleweka, ni ya kuku mpaka ioze. Na wewe nisikusikie tena."

Ilikuwa mwezi wa saba. Wimbo mmoja kwa miezi mitano. Niliona Mama amenionea huruma. Sikujua lolote.

Siku hizi mtu akitaka kujifunza kitu ananunua kwanza viatu vya kujifunzia. Mimi sikuwa na mwalimu, sikuwa na kitabu, na sikumjua mtu mweusi hata mmoja aliyewahi kuigusa besi, achilia mbali msichana. Yule fundi Mzungu sikuwahi kumwona akipiga. Tata alikuwa amemwona mara nyingi, lakini kwa macho ya mtu aliyebeba sinia. Nilipomuuliza alikuwa anashikaje, alifikiri sana, akasema, "Alikuwa anaikumbatia kama anamnong'oneza. Na alikuwa anakunywa sana." Hayo ndiyo mafunzo niliyopewa.

Tata aliziba lile shimo kwa ubao wa sanduku la majani chai na gundi aliyoichemsha mwenyewe kwa ngozi, ikanuka nyumba nzima siku nne. Yule kuku alihama kwa machozi. Nilisimama juu ya debe ili nifikie shingo ya besi. Wiki ya kwanza vidole vilitoka malengelenge, wiki ya pili yakapasuka, wiki ya tatu sikuweza kushika kalamu shuleni. Mama alinipaka mafuta ya kupikia usiku, akiwa amegeuza uso kando kana kwamba vidole vile ni vya mtu mwingine.

Uzi wa nne ulitoka kwa Arap Kirui. Huyu alikuwa Mkipsigis aliyetuletea maziwa kwa punda. Nyumbani kwake alikuwa na kinubi kidogo cha kwao kiitwacho chepkong'o, alichokipiga vizuri sana na kwa uchoyo mkubwa. Nilimwomba aje aione besi. Aliizunguka mara mbili, akaigonga tumbo, akavuta uzi mmoja, akaguna.

"Hii kitu ni kupwa," alisema, "lakini haina akili."

"Inahitaji uzi mwembamba hapa, Mzee," nikamwambia.

"Usi ni ya utumpo ya mpusi." Kwake mbuzi alikuwa mpusi siku zote, na utumbo ulikuwa utumpo. "Nitaleta. Lakini mimi sifundishi mutu. Wewe mwenyewe iko na maskio?"

"Ndiyo, Mzee."

"Pasi. Hiyo ndio mwalimu."

Alileta uzi baada ya siku tisa, umesokotwa na kukaushwa vizuri, na akaufunga kwa mkono wake. Ule uzi ulikuwa unanuka kila mvua ikinyesha, lakini ulilia kuliko zile tatu za Ulaya. Tangu hapo, kila asubuhi akileta maziwa alisimama mlangoni kusikiliza kidogo. Nikikosea alisema "Mpaya," akaondoka. Nisipokosea aliondoka bila kusema kitu. Nilikuja kujua kwamba hiyo ndiyo sifa.

Tatizo langu kubwa lilikuwa kujua sauti ziko wapi. Gitaa lina vyuma vya kukuonyesha mahali pa kubana. Besi haina kitu, ni ubao mtupu kama barabara isiyo na vibao. Nilijua do re mi kutoka shuleni, ilikuwa imechorwa kwenye chati ukutani, lakini do yenyewe ni ipi? Nilihitaji sauti moja ambayo haibadiliki. Nilifikiri siku nyingi, halafu mchana mmoja nikiwa nimeshika shingo ya besi kiwanda kikalia saa sita. King'ora kile kilipanda, kikafika juu kikatulia hapo kwa muda mrefu, kisha kikashuka. Nikasema, ndiyo hiyo. Kila siku saa sita nilikuwa tayari na mkono kwenye kigingi cha kukazia uzi, king'ora kikitulia nami nakaza mpaka uzi mnene uimbe sauti hiyo hiyo huko chini. Hiyo ikawa do yangu.

Kutoka hapo nilitafuta re, mi, fa, moja moja, kwa kuimba na kusogeza kidole. Nilipopata nilitia alama ya chaki. Jasho la vidole lilifuta chaki yote. Ndipo nikaenda kwa dresa wa zahanati kuomba plasta. Nilimwambia nimejikata kidole. Kesho yake nikajikata goti. Kesho kutwa nikagongwa na jiwe. Siku ya tano dresa alinitazama juu ya miwani.

"Wewe mtoto, huko kwenu mnapigana vita?"

Nilimwambia ukweli. Alicheka, akanikatia vipande vinane kwa mkupuo, akasema siku nikipiga nimwite. Mke Mdogo akavaa plasta shingoni kote, na wageni walidhani ameungua.

Sitaki kuwadanganya kwamba nilikuwa napiga vizuri. Kwa miezi miwili nilikuwa napiga vibaya mno. Majirani wa upande wa pili wa ukuta, Mama Kerubo na mumewe, waliugua. Mumewe alikuja kumwambia Tata kwamba anaheshimu ndoa za watu, lakini huyu mke mdogo analia sana. Wachumaji walinipitia dirishani wakirudi kutoka shambani na kuniambia, "Nyaboke, leo umekosea pale pale pa jana." Kambi nzima iliujua wimbo wangu, ule wa Krismasi niliouchagua kwenye kitabu cha kanisa, na kambi nzima ilijua mahali ninapokosea. Ilikuwa kwenye mstari wa tatu, pale sauti inaposhuka kutoka so hadi re. Wanawake wakiimba shambani walipofika hapo waliuruka kabisa, wakisema hapo pana shimo la Nyaboke.

Mwezi wa kumi na moja, siku ya Alhamisi, nililivuka shimo. Nilipiga wimbo mzima, mistari yote minne. Nilipomaliza nikasikia kelele upande wa pili wa ukuta. Mume wa Mama Kerubo alikuwa anapiga makofi.

Ilibaki kumwendea Mwalimu Zakayo, na hilo niliogopa kuliko malengelenge. Bahati yangu, wakati huo alikuwa na shida yake mwenyewe. Ibada ya Krismasi mwaka ule ilikuwa ya pamoja na waumini wa upande wa Mogogosiek, na hao walikuwa wamepata kinanda cha kuvuta kwa mikono. Kwaya yetu ilikuwa na kifilimbi. Aliposikia habari za besi alikuja nyumbani mwenyewe, akakataa chai, akasimama na kofia mkononi kama yuko msibani. Nilipanda debe langu nikapiga. Alisikiliza mpaka mwisho, akatazama zile plasta.

"Nani amekufundisha?"

"Hakuna, Mwalimu."

Alikaa. Akakubali chai. Akasema nitapiga wimbo mmoja siku hiyo, ule ule. Mazoezi na kwaya hatukufanya, kwa sababu kanisa lilikuwa mlimani, mvua ilikuwa haikatiki, na Tata alisema gundi yake haijakomaa vya kutosha kupanda mlima mara mbili. Hakuna kati yetu aliyewaza kwamba hilo lina madhara.

Asubuhi ya Krismasi Tata na mume wa Mama Kerubo walimfunga Mke Mdogo kwenye blanketi, wakamlaza juu ya fito mbili, wakambeba mabegani. Mimi nikafuata nyuma na debe. Mama akafuata kwa gauni jeusi, kwa sababu ndilo gauni zuri alilokuwa nalo. Basi mnaweza kuona wenyewe ilivyoonekana. Wanaume waliokuwa barabarani walivua kofia. Wanawake wawili tusiowajua walianza kulia. Askari wa shamba alisimamisha baiskeli, akasogea kwa heshima.

"Poleni sana. Ni nani ametuacha?"

"Hakuna," Tata alisema, akihema. "Ni mke mdogo."

"Maskini. Siku ya Krismasi!"

Mama alicheka mpaka akakaa kando ya njia. Wale wanawake wawili wakamwangalia vibaya sana.

Kanisa lilijaa mpaka nje. Wanawake upande mmoja, wanaume upande wa pili, kama ilivyokuwa desturi. Wanawake waliimba. Wanaume wa kanisa letu hawakuimba kamwe. Walifungua vitabu vya nyimbo wakavisoma kimya kama barua ya serikali. Tata alikuwa hivyo hivyo. Maisha yangu yote nilikuwa sijawahi kumsikia akiimba, hata akifagia, hata akinyoa. Nilidhani hapendi. Arap Kirui hakuwa mtu wa kanisa, lakini alikuwa amesimama mlangoni na punda wake nje, akisema amekuja kuona uzi wake.

Wa Mogogosiek waliimba na kinanda chao, wakapendeza, wakakaa. Zamu yetu ikafika. Nilipanda debe. Nilimwona yule dresa mstari wa pili amekunja mikono akitabasamu. Mwalimu Zakayo akatoa kifilimbi mfukoni, akapuliza do, akainua mikono. Kwaya ikapanda. Mimi nikavuta uzi mnene.

Nani angejua kwamba do ya kifilimbi na do ya kiwanda si ndugu? Ya Mwalimu ilikuwa juu mno, yangu ilikuwa chini huko. Kwaya ilikuwa inaimba wimbo mmoja na besi inapiga wimbo ule ule kutoka nchi nyingine. Kilichotoka nitakiita kelele kwa sababu kanisani siwezi kukiita vingine. Mtoto mchanga alianza kulia. Mpiga kinanda wa Mogogosiek aliziba sikio moja kwa adabu. Watoto wa kwaya wakatazamana, nusu wakabaki juu, nusu wakaanguka, kisha wote wakanyamaza. Nami nikanyamaza.

Mwalimu Zakayo alinigeukia. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa na ule upole wake, ule ule wa siku ya mkaguzi, na alikuwa ananyoosha mkono kuniashiria nishuke kwenye debe.

"Wacha mutoto!" sauti ikatoka mlangoni. Ilikuwa Arap Kirui. "Huyo iko sawa! Nyinyi ndio mpaya!"

Watu waligeuka wote kumtazama, na wakati huo wa kugeuka ndio ulioniokoa. Sikushuka. Sikujua do nyingine, nilijua hiyo moja tu. Nikaanza tena kutoka mwanzo, peke yangu, polepole, bila mtu kuimba. Mstari wa kwanza. Hakuna aliyejiunga. Nilikuwa natazama plasta kwa sababu niliogopa kutazama nyuso.

Mstari wa pili, upande wa wanaume, mtu akaanza kuimba. Sauti nzito, yenye kutu, kama mlango ambao haujafunguliwa miaka mingi. Ilikuwa inasita, ikikosa neno hapa, ikalishika pale. Niliinua macho. Alikuwa Tata. Amesimama ndani ya kanzu yake nyeupe, kitabu kimefungwa mkononi, anaimba, na alikuwa na sauti kama yangu. Ile ile kabisa. Ndipo nikajua nilikoitoa.

Mume wa Mama Kerubo akaingia. Kisha dresa, kisha safu nzima ya wachumaji waliosimama ukutani. Kumbe miaka yote wanaume wale walinyamaza kwa sababu Mwalimu alikuwa anawapandisha mahali wasipoweza kufika, na hakuna aliyetaka kusema hivyo mbele ya wake zao. Sasa walikuwa wamepata ngazi iliyofika chini. Wanawake wakaingia juu yao, na tulipokaribia mstari wa tatu, pale kwenye shimo, nikaona kambi yote imevuta pumzi. Nilivuka. Mama alitoa kigelegele katikati ya wimbo, jambo ambalo kanisani kwetu lilikatazwa, na hakuna aliyemkataza.

Mwalimu Zakayo alisimama kidogo na mikono hewani. Kisha akarudisha kifilimbi mfukoni, akaanza kuwaongoza wanaume. Baada ya ibada alikuja akanipa mkono, kama mtu mzima. "Nyaboke," alisema, "nilikosea." Hakueleza alikosea lini, nami sikumuuliza. Mlangoni Arap Kirui aliugusa uzi wake, akaangalia kama uko salama, akaondoka bila kusema kitu.

Nilipiga besi kanisani miaka sita, mpaka nilipoolewa. Nyimbo zote zilishushwa, na mabenchi ya wanaume yakajaa. Tata aliimba kila Jumapili, na siku nyingine nyumbani, akinyoa, mpaka Mama akamwambia apumzike. Masika ya mwaka nilioondoka, paa lilivuja na gundi ikaachia, Mke Mdogo akafunguka kama kitabu. Mama ndiye aliyeniandikia barua kunieleza. Alisema alilia, na nisimwambie mtu.

Mjukuu wangu sasa yuko chuo huko Kabianga, na yeye pia anapiga besi, ile nyembamba ya umeme inayolala mapajani. Nilipomuuliza nani anamfundisha, alicheka. "Shosh, si unacheki tu video kwa simu. Ni rahisi sana." Nilimwomba nisikie. Akanivika vile vifuniko vya masikio, akapiga, na lazima niseme ukweli, anapiga vizuri kuliko nilivyowahi kupiga mimi. Vidole vinakimbia. Hana plasta hata moja. Nilipovua vile vifuniko chumba kilikuwa kimya kabisa, na yeye bado anapiga.

"Majirani wanasemaje?" nikamuuliza.

"Majirani gani?" akasema. "Hawawezi kusikia."

Amejifunza miaka miwili. Amekosea na kurudia na kuvuka mashimo yake yote peke yake, na anayelala upande wa pili wa ukuta hajui hata jina lake.